Moshi Wetu Kwenye Karatasi ya Kitwe

Nchelenge, tarehe 9 Septemba 1976

Kwa Ndugu Mwenyekiti,
Kamati ya Hewa ya Wilaya, Bomani

Ndugu Mwenyekiti mheshimiwa,

Nakusalimu kwa heshima zote, wewe na madamu wako. Mimi ni Emilienne Kabamba, mkaushaji wa samaki, mwenye tanuri la tatu kati ya yale saba yaliyo pale mitumbwi inapopakua. Naandika Kiswahili kwa sababu Kiingereza changu kinatosha kuuzia kambale tu. Karani wako, Bwana Rodwell, ambaye hununua kwetu kila Ijumaa, atakutafsiria.

Nimepokea barua yako inayotuamuru sisi wanawake saba tuhamishie matanuri kilimani, maili mbili kutoka ziwani, kabla ya mwisho wa mwezi, kwa sababu ile ordinateur ya Kitwe, mashine ambayo ninyi mnaiita kompyuta, imehesabu kwamba moshi wetu unaingia bomani. Sikufichi, nililia. Kisha nikakasirika, na hasira yangu nimeitia namba ili isikupotezee muda.

1. Mashine hiyo haijawahi kufika Nchelenge. Haijawahi hata kukohoa. Bwana Goodson, mtaalamu wako, alitueleza mwenyewe kwamba imefundishwa kufuata moshi wa miji mikubwa, kwa hiyo inataka kuambiwa viwanda ni vingapi na magari mangapi. Magari tulimpa manne, tukihesabu na lile la padri ambalo kuku wanatagia ndani. Viwanda hatuna, basi akayaandika matanuri yetu. Tangu mwezi wa saba mimi ni Kiwanda Namba Tatu. Siombi makubwa, Mwenyekiti, lakini kama sisi ni mji, taa za barabarani ziko wapi?

2. Moshi uliopimwa si moshi wetu wa kila siku. Bwana Goodson alipofika na puto lake la kupimia upepo na vioo vyake vilivyopakwa mafuta ili vinase masizi, samaki walikuwa haba na matanuri mawili tu ndiyo yaliyokuwa yakiwaka. Mtu amekaa kwenye basi siku mbili anatafuta moshi, na moshi hakuna! Jirani yangu Agnès aliona haya kwa niaba yetu sote, akasema, "Bamama, huyu mugeni anatoka mbali, hawezi kurudia bule. Tumupatie moshi!" Tukawasha yote saba. Mwenzetu Febby akaleta majani mabichi, mimi nikamwagia kuni maji. Kwa siku tatu tulimkirimu mpaka yeye hatuoni na sisi hatumwoni. Aliandika yote na kutushukuru sana. Sasa, ukienda kwa watu ukachinjiwa kuku, hurudi nyumbani ukasema wale wanakula kuku kila siku. Mashine yenye malezi ingeutoa kwanza moshi wa mgeni, ndipo ihesabu.

3. Karatasi yenyewe nimeonyeshwa. Ni ndefu, ina matundu pembeni, ziwa limechorwa kwa nukta, na moshi umechorwa kwa tarakimu kuanzia moja hadi tisa. Tisa imekaa juu ya tanuri langu, sibishi. Lakini saba imeangukia ofisini kwako, Mwenyekiti, pale hasa penye kiti chako, na huo ni utovu wa adabu. Moshi wetu tunaujua, tumeulea wenyewe. Ukitoka tanurini unashika njia ya ziwani kuelekea kisiwa chetu cha Kilwa, humu humu ziwani, na kama huko kuna wanaolalamika, hawajaandika barua. Bomani haujafika hata siku moja.

4. Hapa sichezi. Kambale akitolewa mtumbwini lazima aonje moto kabla jua halijapanda. Ukimbeba maili mbili kichwani, anafika amelegea, na wanunuzi wetu wa ng'ambo watahamia kwa wakaushaji wa Chienge. Halafu kuna tanuri lenyewe. Marehemu mume wangu, Evariste, alilijenga kwa udongo wa kichuguu, kwa mikono yake, na alama za vidole vyake bado zipo mlangoni mwake. Tanuri la udongo halihamishwi, Mwenyekiti. Linavunjwa. Naogopa siku hiyo.

5. Kwa hiyo nina ombi. Bwana Goodson, akinywa chai kwangu, alisema kwamba ukiibadilishia mashine ile tarakimu moja tu ya upepo, moshi wote unageuka na kwenda upande mwingine. Nilimwuliza mara mbili, akaapa. Basi kwa nini wanawake saba wabomoe matanuri, wakati mtu mmoja anaweza kufuta tarakimu? Waambie wa Kitwe waupeleke moshi mashariki, porini kwa nyani. Na kama kazi yenyewe ni nyepesi hivyo, watuongezee na mvua kidogo kwa ajili ya mihogo. Kikapu cha kambale kiko tayari, cha mashine au cha mtu anayeilisha, watajuana wenyewe.

Naishia hapa nikingoja neno lako jema. Nisalimie madamu, watoto, wajumbe wote wa Kamati, Bwana Goodson pamoja na vioo vyake, na hata mashine ya Kitwe, kwani sina kinyongo nayo.

Wako mtiifu, mwenye macho mekundu lakini moyo safi,

Emilienne Kabamba
(Kiwanda Namba Tatu)

P.S. Niwie radhi kwa madoa meusi na harufu ya karatasi hii. Usidhani nimeiandikia tanurini. Nipo bomani kwako tangu saa nane, mezani kwa Bwana Rodwell, mlango umefungwa, dirisha limefungwa, na bado imetubidi kusimama mara tatu, yeye akohoe na mimi nifute macho. Nilikuwa na mengi ya kuongeza, ila harufu imebadilika sasa hivi humu chumbani. Ni ya tanuri la tatu, na kambale wangu wa safu ya chini wanaungua. Nakimbia.