Bi Tone na Sponji ya Kiti cha Mkuu

Sogeeni, enyi wenye masikio mawili na hata mwenye moja zima. Wenye sufuria jikoni punguzeni moto, kwani nawahadithia vita vya Bi Tone, mpima maji, binti wa fundi cherehani, mshika vichupa asiyetetemeka mkono, siku aliyomkabili adui asiyeonekana kwa silaha ya sponji.

Chanzo cha vita ni pampu. Mtu mmoja, jina lake na lisahaulike, aliosha pampu yake ya dawa ya wadudu kando ya kisima cha mtaa, na kisima kikapigwa kufuli hadi maji yapimwe. Watu wakatawanyika na ndoo zao. Miongoni mwao alikuwamo wifi yake Bi Tone, dada wa mumewe, jemadari wa maneno, naye akahamia kwa kaka yake na mabegi matatu. Kwa siku kumi na moja akaikagua nyumba ile: chai nyepesi, mashuka hayakukunjwa, mke anachelewa kazini. Bi Tone alichoka, tena alichoka hasa. Kama cheti cha maji kingetoka kabla ya saa kumi Ijumaa ile, wifi angerudi kwake. Kisingetoka, angebaki, kwani maabara ilikuwa inafungwa wiki tatu kupakwa rangi.

Basi shujaa akavaa koti jeupe, ndilo deraya lake, akaliendea sanduku la silaha. Sponji ndiyo mtego: maji hupitishwa polepole katika bomba la kioo lenye kipande cha sponji, dawa ikanasa humo, kisha ikakamuliwa kwa asetoni na kupelekwa kwenye mashine inayochora kiasi chake. Sanduku lilikuwa tupu. Akasimama kama aliyefiwa.

Ndipo alipokiona kiti cha mkuu wa maabara, ambaye alikuwa mkutanoni. Kiti kipana, kimechanika katikati, sponji inachungulia. Mkasi ukalia, na donge lenye ukubwa wa ngumi likatekwa. Penye nia pana njia, na njia hii ilipita katikati ya kiti cha bosi.

Lakini Bi Tone hakuwa mtu wa kuamini silaha asiyoijaribu. Kwanza akapitisha maji safi, yasiyo na chochote. Mashine ikanguruma, ikachora mlima. Dawa ya wadudu, tele. Mwingine angelaumu maji. Yeye akageuka taratibu akakitazama kiti.

Mkuu aliporudi, shujaa akasimama mbele yake.

“Ewe mkuu,” akanena, “mlinzi wa mizani, uliyebandika mlangoni tangazo la kupiga marufuku dawa ya wadudu humu ndani, naungama nimekikata kiti chako. Lakini sponji yako ina dawa ya kuangamiza ukoo mzima wa mende. Nieleze, nipate kuandika daftarini.”

Mkuu akafunga mlango. Sauti ikamshuka.

“Kunguni, Bi Tone,” akasema. “Nimewabeba kutoka nyumbani. Wameniuma mbele ya wageni nikiwa natabasamu. Nikapuliza. Nakuomba, usiandike kunguni. Andika sponji chafu.”

Wakapatana: daftari lisitaje kunguni, na mkuu asiulizie mkasi.

Hapo vita vikapamba moto. Bi Tone akaiosha sponji kwa asetoni, akaikamua, akaijaribu. Mlima ukawa kilima. Akaosha tena, kilima kikawa kichuguu. Mara ya nne mstari ukalala kimya. Ndipo akapitisha maji ya kisima, tone kwa tone, saa ya ukutani ikimcheka, naye asiharakishe hata tone moja, maana maji yakikimbia dawa nayo hupita. Saa kumi kasoro robo mashine ikachora mstari: ulionyooka, mtulivu, usio na hata kichuguu. Bi Tone akalia kidogo, hakuona haya.

Mkuu akachukua cheti, akakaa ili asaini, akalisahau shimo. Akazama. Kalamu ikaanzia juu ya ukurasa ikateremka hadi chini.

Jioni wifi akakisoma cheti, mabegi yakiwa tayari mlangoni.

“Huyu aliyesaini alikuwa amelewa?”

“Alikuwa amekaa,” akajibu Bi Tone.

Wifi akaenda zake. Na iandikwe katika historia ya nyumba ile kwamba jioni hiyo chai ilikuwa nyepesi, na hakuna aliyesema neno.