Kamati ya Mikono Nyuma

Wananchi wote wa Castelmorone wanatangaziwa kwamba, kuanzia Jumatatu, ustawi wao umekabidhiwa rasmi kwa mashine. Ndivyo lilivyosema tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa manispaa ya mji huo mdogo wa Italia. Mwandishi wake, Mheshimiwa Delmo Zanarini, mkuu wa Idara ya Mizania ya Ubunifu, Utawala na Ustawi, alilisoma mara mbili na kuliona halina kasoro.

Mashine yenyewe, ya akili mnemba, iliitwa Serena. Iliamua mambo madogo madogo ya mji, taa, maua, mapipa ya taka, ili wanadamu wapumzike. Kila uamuzi ulijitokeza kwanza kwenye skrini ya Zanarini, naye akabonyeza KUBALI. Alikuwa mchapakazi hasa. Mkono mmoja ulibonyeza, mwingine umeshika mkate uliojazwa vipande vya mortadela, soseji nene ya Kiitalia.

Tatizo lilikuwa kanuni. Manispaa ilitakiwa kuwa na waangalizi binadamu, wenye mamlaka ya kusimamisha "chombo chochote kinachoamua bila kufikiri". Maneno hayo mazuri Zanarini aliyatunga mwenyewe. Sasa mkaguzi wa mkoa alikuwa anakuja Alhamisi. Akiridhika, Zanarini anapandishwa cheo kwenda Bologna, makao makuu ya mkoa, kwenye ofisi yenye roshani. Asiporidhika, ndiyo basi tena.

"Tuajiri waangalizi," akamwambia katibu wake, Loredana.

"Hela zote zimeishia kwenye mashine, Mheshimiwa."

"Basi tutafute watu wanaoangalia bure."

Loredana akanyoosha kidole dirishani. Ng'ambo ya barabara mafundi walikuwa wanafukua bomba la maji, na kwenye uzio wamesimama wastaafu, mikono nyuma, kama kawaida yao kila asubuhi, wakiwafundisha mafundi kazi yao.

Zanarini nusura alie kwa furaha. Kufikia mchana wazee walikuwa wamevishwa beji za kamati ya waangalizi na kusimamishwa mbele ya chumba cha vioo ilimokaa Serena. Mwenyekiti wao alikuwa Nerio, ambaye zamani aliendesha basi la shule na alimjua Zanarini tangu utotoni, akitapika kwenye kiti cha nyuma.

"Haichimbi," akasema Nerio.

"Wala haimwagi zege," akasema mwenzake, Iliano. "Ukiigombeza haijibu. Sasa raha iko wapi?"

"Vumilieni wazee wangu, mpaka Alhamisi tu," Zanarini akawabembeleza.

"Hebu niambie, Delmo," akasema Nerio, "mabenchi ya uwanjani yamekwenda wapi? Mke wangu Ivonne nyonga inamsumbua. Akitoka kununua mkate alikuwa anapumzika pale. Jana karudi nyumbani analia."

"Serena imebaini kwamba kukaa kunadhuru moyo. Ni ustawi huo, mzee Nerio."

"Na nani aliyekubali?"

"Mchakato," akasema Zanarini, akarudi ofisini kwake.

Nerio akamfuata kwa macho. Ofisi ya Mheshimiwa nayo ilikuwa ya vioo, kwa ajili ya uwazi. Mzee akageuka taratibu, na kamati nzima ikageuka naye.

Alhamisi mkaguzi akafika, mama asiyecheka aitwaye Ghiselli. Akaikuta kamati imeipa mashine mgongo.

"Mashine iko nyuma yenu," akawaambia.

"Tunajua, mama. Ile haina neno, maskini. Inaomba ruhusa kwa kila kitu," akajibu Nerio. "Tunamwangalia huyu anayeitoa."

"Cheki mkono huo," akasema Iliano. "Hasomi. Haya, kabonyeza tena."

"Na mkate anaushika vibaya, mortadela yote inadondoka."

Ghiselli akatazama kidogo. Kisha, bila kujijua, mikono yake nayo ikaenda nyuma. Alitazama muda mrefu kuliko ukaguzi wa kawaida unavyohitaji.

"Kanuni yenu inasema chombo chochote kinachoamua bila kufikiri," akasema hatimaye. "Mmekiona?"

"Tumekiona."

"Basi mamlaka mnayo."

Nerio akafungua mlango wa ofisi. "Delmo, mwanangu," akasema kwa upole, "weka mkate chini. Twende ukapumzike."

Serena inaendelea na kazi mpaka leo, ila kila uamuzi wake unasomwa kwa sauti mbele ya kamati, na wazee wanaubishania mpaka saa ya chakula. Wa kwanza kukataliwa ulikuwa ule wa kuondoa mabenchi.

Siku mafundi waliporudisha benchi la mbele ya duka la mkate, Zanarini, aliye likizoni mpaka itakapoamuliwa vinginevyo, alikuwa kwenye uzio pamoja na wenzake. Miguu ilimwaka moto. Fundi alipokaza skrubu ya mwisho, akasogea haraka ili akae.

Ivonne alimtangulia. Alikaa katikati, akaweka mkate wake upande mmoja na mkoba upande wa pili, kisha akamtazama Mheshimiwa kwa huruma.

"Wewe simama tu, mwanangu," akamwambia. "Ni ustawi."