Mchungaji Ndani ya Marsali

Jumatatu, 3 Agosti 1896

Mvua. Paa la ngome linavuja tena, safari hii juu ya kitanda changu. Dada yangu Grizel, mshika mkoba wa nyumba hii tangu baba afariki, alinisubiri nimalize uji ndipo akanipasulia. Nisiposhinda mashindano ya mashua ya Jumamosi, mashua yangu Marsali inauzwa, paa linaezekwa. Akanikumbusha kwamba sijawahi kushinda hata mara moja. Kana kwamba nimesahau!

Nikamwambia kwamba mimi, Lodi wa Inverlachan, nisipokuwa na mashua ni mwanamume tu aliyevaa sketi ya Kiskoti. Hakucheka.

Na mnunuzi keshapatikana. Tullis! Yule mpika jamu wa Paisley aliyehamia ng'ambo ya ghuba na kujiona mwana wa bahari. Anataka kuikata Marsali katikati aifanye kibanda cha kunywea chai bustanini. Damu inanichemka hadi sasa ninapoandika.

Jumanne, 4 Agosti

Tullis alipita na mashua yake mpya, akanipungia mkono kama anayefukuza nzi. Mchawi mkubwa.

Gatini nilimwambia Murdo, mkuu wa mabaharia wangu, kwamba Jumamosi tutakula samaki samoni, wa baridi. Mabaharia wote wakarukia kushika chuma kuondoa nuksi. Nimesahau tena! Hawa ni wavuvi, na kwao samoni hatajwi chomboni, nguruwe hatajwi, na mchungaji wa kanisa ndiye nuksi kuliko wote wawili. Murdo akanisomea, tena kwa ukali, kwamba mvuvi akikutana na mchungaji njiani anageuza, anarudi nyumbani kulala, na bwana mkubwa afadhali anyamaze tu kama hajui la kusema.

Nikameza hayo matusi. Nikamuuliza, na mabaharia wa Tullis je? Akasema wale ni shemeji zake, wavuvi vilevile, wao wakimwona mchungaji hata dirishani hawatoki.

Nimepata dawa ya Tullis!

Alhamisi, 6 Agosti

Nimekwenda kwa Mchungaji Carmichael. Nikamwomba Jumamosi asubuhi atembee ng'ambo, kwenye gati la Tullis, awape neno mabaharia kabla hawajapanda. Nikasema wana kiu ya neno. Machozi yakamlengalenga mzee wa watu. Akasema tangu aletwe hapa hakuna mtu wa bahari aliyemwita, wakimwona wanavuka barabara, na yeye siku zote alidhani wanakimbia mahubiri yake.

Niliona haya. Iliniisha kabla sijafika getini.

Jumamosi, 8 Agosti

Mchungaji hakwenda kwa Tullis. Alikuja kwangu! Aliwaza usiku kucha, akaona si adabu kuanza na jirani na kumwacha aliyemwalika. Nilimkuta keshakaa ndani ya Marsali, juu ya mto wangu, na Biblia na kikapu cha mikate.

Murdo akaja na wenzake. Akamwona. Akavua kofia kwa heshima, akageuka, na msafara mzima ukageuka nyuma yake. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Murdo akajibu bila kusimama kwamba hapandi, hata nimpe ngome, tena ikiwa na paa zima.

Basi nikatweka tanga na mchungaji, mpishi wetu, na Grizel, aliyesema amekuja kuangalia mali yake isizame. Mpishi alianza kutapika kabla hatujang'oa nanga. Nilimtukana mpishi, nikaitukana kamba, nikautukana upepo, na kila tusi mchungaji akaniombea msamaha papo hapo. Hasira juu ya hasira.

Kwenye boya la kugeuzia, Tullis alikuwa anatuacha. Ndipo mchungaji akasimama tezini, nyuma ya mashua, na koti lake jeusi, akawapungia mabaharia wa Tullis kofia, akawaita kwa majina. Mshika usukani wa Tullis alivyomwona! Akakata kona kutukimbia, mashua mpya ikapanda mchangani, Tullis anapiga mayowe, mabaharia wote wameshika chuma. Washindani wengine waliokuwa nyuma nao wakatupisha mbali kama wenye ndui.

Nimeshinda kombe! Mimi! Gatini hakuna aliyepiga makofi. Washenzi.

Jumapili, 9 Agosti

Kanisani mchungaji alinishukuru kwa jina, mbele ya watu wote, kwa kumwalika baharini. Wavuvi wote wakageuka kunitazama. Nilitamani benchi linimeze.

Nje Murdo akanipa habari yangu. Akasema, bwana mkubwa, chombo kilichobeba mchungaji kimekwisha. Pwani hii hakuna atakayekanyaga Marsali, wala kuishonea tanga, wala kuifungia kamba. Na mafundi wa Tullis wameapa hawaigusi kwa msumeno.

Grizel ametimiza ahadi, haiuzi. Akaongeza kwamba hata angetaka, nani ainunue? Mchimba kisima huingia mwenyewe, akasema, akaniwekea kitandani ndoo ya kukinga maji ya paa. Nilimwambia anyamaze. Kisha nikakaa dirishani nikaitazama Marsali inaelea peke yake, na matanga yamekunjwa. Mashua ninayo, kombe ninalo, bahari hiyo hapo, na siwezi kutoka hata hatua moja. Iliniuma kweli.

Jumanne, 11 Agosti

Nimelala vizuri. Nimepata!

Glasgow kuna chuo cha uchungaji. Vijana wa huko wako likizo, wana mikono na migongo, na hakuna hata mmoja anayemwogopa mchungaji, maana wote wanasomea uchungaji huohuo. Nimewaita sita kwa telegramu. Wanafika kesho kwa meli, na makoti yao meusi.

Grizel akaniuliza, taratibu kabisa, kama kuna chochote nilichojifunza wiki hii.

Nikamwambia nimejifunza yote. Mchungaji mmoja, tena mzee, amenipa kombe. Sita watanipa nini!