Dereva wa Sebuleni

Jumanne, 1 Juni 1976

Baridi ya Mbeya. Maji ya kunawa yanakata kama wembe. Leo kazini Meneja Marcelino katangaza: shirika linapata lori la pili, na dereva atatoka miongoni mwetu wenyewe. Jaribio litafanyika makao makuu, Iringa, Jumamosi ya tarehe 19. Atakayefaulu atapelekwa polisi kupata leseni. Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Akaniuliza kama nimewahi kuendesha chochote. Nikamjibu kwamba niliendesha trekta la mjomba huko Kilolo, miaka mingi tu.

Mjomba alikuwa na jembe. Lakini nani atafunga safari mpaka Kilolo kuuliza?

Miaka kumi na moja mimi ni karani wa stoo. Navuta vumbi la mahindi asubuhi, nalikohoa jioni. Nani amewahi kumpungia karani mkono? Lakini Nkuba, dereva wetu, Msukuma ambaye baba yake alishuka na ng'ombe mpaka Usangu, huyo akipita na lori lake mtaa wetu mzima wa Soweto unatoka nje. Anakula nyama Makambako kila wiki. Amepanga nyumba ng'ambo ya barabara, mkabala na kwangu. Makusudi! Hata Rozalia, mke wangu wa ndoa, anamwita "Dereva" kwa sauti tamu ambayo sijaisikia ikisema "Karani".

Jumatano, 2 Juni

Nimemwendea Nkuba. Nimejishusha. Nikamwomba anifundishe kidogo, kimyakimya. Akasema hana kinyongo, ila gari ni la shirika, kwanza nipate ruhusa ya Meneja. Nimwombe Meneja ruhusa ya kujifunza kitu nilichomwambia nakijua tangu ujana! Anajua fika kwamba siwezi. Nyoka.

Basi. Nitajifunza nyumbani kwangu, kwa raha zangu, nimekaa. Gari ni nini? Kiti, usukani, gia, vya kukanyaga. Mengine yote ni mabati.

Ijumaa, 4 Juni

Nimefika kwa Shija, fundi anayekata magari mabovu nyuma ya soko. Kanionyesha kiti cha Pijo iliyopinduka njia ya Chunya. Ngozi! Kinalaza mgongo ukivuta kamba ya pembeni. Kuna na usukani wa lori, mkubwa kama ungo. Alitaka kubadilishana kwa viti vyangu vinne vya sebuleni. Nikakubali upesi, kabla hajapata akili.

Rozalia karudi, kasimama mlangoni. Kauliza wageni watakaa wapi. Nikamwambia dereva hana wageni, ana abiria.

Jumamosi, 5 Juni

Siku ya kazi kubwa. Usukani nimeufunga kwenye mguu wa meza. Gia ni mchi, nimeusimamisha ndani ya kinu na kuushindilia mchanga. Unakwenda mbele, nyuma, kushoto, kulia, vizuri kabisa. Kioo cha Rozalia cha kujitazamia nimekipigilia pembeni, cha kuangalia nyuma. Ukutani nimechora barabara kwa mkaa, inaanzia sakafuni na kupanda. Rozalia kasema barabara hiyo inakwenda darini. Hajui kuchora kwa umbali.

Tatizo likawa vya kukanyaga. Nilijaribu matofali. Hayarudi juu. Ndipo nikaona cherehani. Kikanyagio kile cha chuma, kipana, kinacheza juu na chini kama kimetengenezwa kwa ajili yangu! Rozalia alikuwa amekwenda kuchukua kitambaa cha sare za shule. Nikakifungua, nikampelekea Shija. Kwa msumeno wa chuma kakigawa vipande viwili. Klachi. Breki. Mafuta nimetumia kopo la kiwi.

Rozalia karudi na jora la kaki kichwani. Nilitegemea kelele. Alilishusha jora, akachuchumaa, akapitisha kidole pale chuma kilipokatwa.

"Baba Benedicta," akasema, "hivi unajua karo ya Benedicta huko bwenini inatoka wapi?"

Nikamwambia itatoka kwenye lori. Kaenda jikoni. Wanawake hawana uvumilivu na maendeleo.

Jumapili, 6 Juni

Wanawake wa kanisa wamekuja kusali. Hakuna viti. Wakakaa mkekani, isipokuwa Mama Kalista, kiongozi wao, mwenye miguu mibovu. Yeye akakaa kwenye gari. Sala nzima mikono yake iko kwenye usukani. Walipofika kuwaombea wasafiri nilimwona akikata kona. Walipomaliza kaninong'oneza kwamba kiti kinampa usingizi mzuri, je, naweza kukileta kanisani? Nimekataa. Halafu nikagundua kavuta ile kamba ya pembeni na imekatika. Sasa kiti kimelala moja kwa moja. Nimeweka mto mgongoni, na kigoda cha kupumzishia mguu wa kushoto, na blanketi magotini kwa ajili ya baridi. Chupa ya chai mkono wa kulia. Nkuba hana starehe hii hata nusu.

Jumamosi, 12 Juni

SIKU YA MASHINDANO. Nkuba hajui kama anashindana, lakini hilo ni shauri lake.

Alikuwa anapeleka mahindi Iringa. Alipowasha lori lake huko nje, nami nikawasha la kwangu. Kwa mdomo, maana injini lazima isikike. Rozalia nimemfanya utingo. Kazi yake ni kuketi mkekani na kutaja vituo. Alikuwa anashona sare kwa mkono, sindano moja moja, na alivitaja kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya marehemu. Uyole. Chimala. Igawa. Nikipaza sauti "Breki!" yeye anabonyeza kile kipande cha breki kwa mkono, kwa kuwa mguu wangu uko kwenye kigoda.

Makambako sikusimama. Nyama ni udhaifu. Baada ya Makambako nilisinzia kidogo. Nilipoamka tulikuwa tumeshapita Mafinga, na gari liko barabarani vilevile. Huo ndio uhodari! Iringa nikaingia jua bado la juu.

Nkuba, kwa habari za simu iliyopigwa ofisini, kapata pancha Igawa na kafika jioni. Nimemshinda vibaya sana.

Nilipogeuka kumpa utingo wangu mkono wa pongezi, mkekani hapakuwa na mtu. Sijui kashukia wapi.

Jumapili, 13 Juni

Nimewasimulia kilabuni. Kwa upole, bila majivuno. Wakacheka mpaka mmoja kamwaga ulanzi wake. Nkuba aliyerudi usiku alikuwepo. Yeye hakucheka. Afadhali angecheka! Alinivuta pembeni, akanishika bega.

"Mzee Kalinga, nimeongea na Meneja. Nimemwambia nataka utingo wa kunisaidia kusogeza lori uani, Jumanne jioni. Hakuuliza zaidi. Njoo ushike usukani wa kweli. Hata nusu saa tu. Gari si kiti, mzee wangu. Gari linakwenda."

Nimemtazama usoni. Huruma! Ananihurumia mimi, niliyemwacha Igawa na pancha yake! Nikamwambia asante, dereva hahitaji kufundishwa na dereva mwenzake. Mpango wake nimeuona wazi. Anataka anipotoshe mikono kabla ya jaribio.

Alhamisi, 17 Juni

Mwalimu wa shule kaja kuchukua sare. Zimekamilika sita tu. Kasema ana huruma, lakini shule inafunguliwa Julai, na kazi iliyobaki anampa mshonaji mwingine. Jora kaondoka nalo, kichwani mwa kijana aliyekuja naye. Rozalia kamsindikiza mpaka barabarani na kumshukuru. Kumshukuru!

Usiku kaniuliza, bila hasira, akiondoka siku moja nitamwona kwenye kile kioo? Nikamjibu kioo kinaonyesha magari tu. Nilidhani ni mzaha. Kaniambia kesho tunasafiri wote, anataka kumwona dada yake Juliana, Kilolo. Nikafurahi. Ataniona nikifaulu.

Ijumaa, 18 Juni

Tumesafiri na lori la Nkuba. Mbele kuna nafasi ya mtu mmoja tu kando ya utingo. Nilikuwa nimeshakanyaga ngazi. Nkuba kasema mama atangulie, upepo wa nyuma ni mkali. Kwa hiyo mimi, bingwa wa njia hii, nimesafiri juu ya magunia ya mahindi toka Mbeya mpaka Iringa, nimejifunika turubai. Barabara hii ina upepo ambao haupo sebuleni. Ina na matuta. Nimetapika Chimala na nimetapika tena Mafinga.

Makambako wamenishushia nyama kwenye karatasi. Sikula. Nilikula kidogo. Nilikula yote.

Iringa nimeona utingo akishusha kichwa cha cherehani, kimefungwa kwenye kanga. Nikauliza ni cha nini. Rozalia kasema Juliana ana meza yenye kikanyagio kizima. Nikamwambia ni wazo zuri, atamaliza haraka arudi. Kapanda gari la Kilolo. Kalala salama, nadhani.

Jumamosi, 19 Juni

Sitaki kuandika. Naandika.

Tulikuwa watatu, mmoja wetu mfagizi wa ofisi yetu. Msimamizi ni Bwana Bujiku, mkaguzi wa magari wa shirika, mtu mkavu, ana kalamu sikioni. Barazani wameweka meza, wakubwa wanakunywa chai, na Meneja Marcelino katoka Mbeya kuja kutushangilia watu wake. Zamu yangu ikafika. Nikapanda. Kiti kigumu kama gogo! Nikaomba mto. Bwana Bujiku kauliza kama naumwa. Nikauliza kigoda kiko wapi. Kaandika kitu.

Akasema washa. Nikawasha. Akanigeukia, kauliza:

"Hiyo sauti ni ya nini?"

"Injini, bwana."

"Injini bado haijawaka, ndugu. Ni mdomo wako."

Akanigeuzia ufunguo yeye mwenyewe. Lori likanguruma chini yangu, likatetemesha meno yangu. Hilo sikulitarajia. Nikatia gia ya kwanza, pale inapokuwa kwenye kinu. Kumbe kwenye lori lao pale ni rivasi. Nikaachia klachi. Na hapo, naandika hili ili ukweli ujulikane, LORI LIKAENDA. Mwanzo mpaka mwisho wa mazoezi yangu hakuna kitu kilichowahi kwenda. Uani kulianza kukimbia mbele yangu. Nikatazama ukutani kutafuta barabara. Nikapiga kelele, "Breki! Rozalia, breki!"

Bwana Bujiku hakuwa Rozalia. Hakujua kazi yake.

Tulipanda barazani kinyumenyume. Wakubwa waliruka, Mungu ni mwema, hakuna aliyeumia. Meza ilikwisha. Nguzo moja ililala. Birika lilibaki limesimama peke yake katikati ya vifusi, linatoa moshi. Meneja Marcelino alikuwa ameshika kikombe kitupu. Kaniuliza taratibu, lile trekta la mjomba lilikuwa la rangi gani?

Nikasema jekundu. Hata sasa sijui kwa nini nilichagua rangi.

Jumatatu, 21 Juni

Nimerudi kwa basi, nimekaa dirishani, na sikumtazama dereva. Mezani stoo nimekuta karani mpya, Yotamu, kijana mwenye nywele za kuchana. Kanipa habari kwa adabu: kuanzia Julai mimi ni wa kituo cha Chunya, kupima magunia ya tumbaku uani. Kutoka vumbi la mahindi kwenda vumbi tupu. Dereva wa pili ni yule mfagizi, ambaye Jumanne jioni alikubali kumsaidia Nkuba kusogeza lori uani. Nusu saa! Angalia jinsi watu wanavyopendeleana.

Nyumba ina baridi. Nimetafuta kiberiti jikoni, nimekosa. Nimelala bila kula. Sikujua kwamba kiberiti kinakaa mahali.

Jumatano, 23 Juni

Nkuba kabisha hodi. Kaleta ujumbe wa Rozalia toka Kilolo. Hajambo. Anashona na Juliana, kazi ipo nyingi. Anasema hana neno baya na mimi, ila amechoka kuwa mkekani. Kaka zake wamepanga kikao Jumamosi hii. Nikija, nikaongea kama mtu mzima, atanisikiliza, na Chunya atanifuata. Nisipokuja, nisihangaike tena. Nkuba kasema anakwenda Iringa Jumamosi hiyohiyo. Safari hii nitakaa mbele.

Baada ya kuondoka nilikaa kwenye kiti mpaka giza. Sikuwasha injini. Nilijaribu kumkumbuka Rozalia akitaja vituo. Nimekumbuka sauti tu. Jumamosi nitakwenda. Nimeshapiga pasi shati.

Alhamisi, 24 Juni

HABARI KUBWA! Yotamu kasema, naye kasikia kwa mtu wa kuaminika, kwamba reli mpya inatafuta madereva wa treni, na usaili ni wiki ijayo. Treni! Sijalala. Nimefikiri jambo hili kutoka kila upande. Treni haikati kona kwa usukani. Haina rivasi inayojificha. Njia yake imetandikwa na Wachina, huwezi kuikosa hata ukitaka. Kosa langu lote lilikuwa kuchagua chombo kisichonifaa!

Lakini mazoezi lazima yaanze sasa hivi, Jumamosi yote na Jumapili yote. Kikao cha kaka zake kitangoje. Nimemwambia Nkuba awaambie nina safari ya kikazi. Kanitazama sana, kisha kaniaga kwa kunishika mkono kwa mikono miwili, kama watu wanavyofanya msibani. Wivu.

Treni ni ndefu, sebule haitoshi. Nimevunja kiambaza cha chumbani. Kitanda nimekitoa nje, nimekiegemeza ukutani kwenye umande, na sasa njia ni nyeupe toka mlangoni mpaka jikoni. Rozalia akirudi nitamweleza vizuri. Nafasi yake ipo. Behewa la pili, dirishani.