Bakteria Wekundu wa Dakta Anastasia

Jumatatu, 9 Juni
Nafasi ya fundi wa maabara ni moja. Wanaoitaka ni wawili: mimi na Godlisten. Dakta Anastasia katamka: atakayemwonyesha bakteria wekundu Alhamisi, anaajiriwa. Mwingine kwaheri.

Bakteria wenyewe wametoka kwenye bomba la chemchemi huko Uluguru. Viumbe gani hawa! Wanafuma nyuzi za protini, wanashikana kuwa utando, wanang'ang'ania bomba. Nyuzi hizo uzichemshe kwa sabuni, wala hazijali. Zikinyonya rangi yetu ya maabara, bakteria wanakuwa wekundu. Mimi miaka minne ya mikataba ya muda, sijang'ang'ania hata kiti.

Jumanne, 10 Juni
Godlisten kaacha visahani vyake vya bakteria mezani, kama mtu anayepoza uji! Vyangu viko kwenye kabati la joto, digrii 37. Kaomba nafasi humo. Nikamwambia limejaa. Nimelifunga, ufunguo uko kwenye soksi.

Jumatano, 11 Juni
Bakteria wangu wamenenepa mara mbili ya wake. Ila weupe, kama ugali wa sembe. Wake wadogo, na wameanza kuwa wekundu. Sabra, anayetusafishia maabara, kacheka: ati kaka Twalibu, wako wameshiba, wa mwenzio wamevaa. Nimeongeza digrii mbili.

Alhamisi, 12 Juni
Bado weupe. Saa saba Godlisten akaenda kula. Nikabadilisha lebo. Wekundu wakapata jina langu. Kazi safi!

Saa tisa akaingia Dakta. Shikamoo yangu ilikuwa ndefu kuliko ya Godlisten. Akawasifu wekundu, akauliza nimewakuza katika joto gani. Nikajibu kifua mbele: digrii 39, kabatini, kwa kufuli.

Akaweka kisahani chini taratibu. Akasema hawa kwenye joto hilo hawafumi nyuzi. Hufuma penye ubaridi, kama kwao bombani. Godlisten akaambiwa aripoti Jumatatu, ajira ya kudumu. Mimi nikaombwa ufunguo. Nikavua soksi mbele ya wote.

Ijumaa, 13 Juni
Bakteria siwalaumu. Katika maabara nzima ndio pekee waliosema kweli. Kosa langu ni kubadilisha lebo na kusahau kubadilisha digrii.

Nimeshapata kazi ya majaribio mtaa wa Mafiga, kwa dada Mwajuma muuza mtindi. Yeye huweka mbegu ya mtindi, yaani bakteria hai wa kugandisha, kwenye maziwa ya uvuguvugu, anasubiri mpaka kesho yake. Kesho yake! Nimemwambia atulie, yataganda ndani ya saa moja. Mbegu yake yote imo sufuriani. Inatokota vizuri.