Mashine Inayomsema Vibaya Muuza Chumvi

Hilali Abdalah,
Muuza chumvi, Sokoni,
Kasulu.
14 Septemba 2014

Kwa Daktari Evaristi,
Mganga Mfawidhi wa kituo chetu.

Ndugu Daktari,

YAH: MASHINE YAKO KUNISEMA VIBAYA NIKIWA NIMELALA

Natumaini barua hii itakukuta presha yako imetulia, maana yangu umeivuruga.

Wiki iliyopita ulinifunga mkononi ile mashine ya kupima presha mchana na usiku, ukanionya nisiivue. Jana ukaniita, ukafunga mlango, ukasema mchana presha yangu ni 122 kwa 78, safi kabisa, lakini kuanzia saa tatu usiku inapanda mpaka 171 kwa 104, wakati mtu akilala inatakiwa ishuke. Ukasema presha ya namna hiyo ndiyo inayomvizia mtu kwa moyo au kwa kiharusi, kwa sababu akipimwa mchana anaonekana mzima. Ukanipa vidonge na ukanikataza chumvi. Daktari, nimekasirika, na malalamiko yangu ni haya:

1. Umemkataza chumvi muuza chumvi. Mwaka wa kumi na tisa huu nauza chumvi ya Uvinza, na desturi yangu inajulikana: kabla sijampimia mteja nachovya kidole guniani, nalamba mbele yake, naye anaridhika kwamba haina mchanga. Jana nimepima bila kulamba. Mama mmoja wa kijiji cha Titye alinitazama, akachukua kopo lake, akaenda meza ya pili kwa Pasikali, ambaye tangu jana analamba kwa sauti ili kunikomoa.

2. Mashine haina adabu. Ilinibana msikitini nikiwa nimerukuu, ikavuma, watu wakadhani nimeacha simu wazi. Imamu alizungumzia simu kwa dakika ishirini huku akiniangalia mimi. Nilivumilia.

3. Ni ugonjwa gani unaotazama saa? Saa mbili na nusu usiku mimi ni mzima, saa tatu ni mtu wa kuchimbiwa kaburi! Nilipomwuliza muuguzi wako Immaculée, yule aliyetoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, alinijibu tu, "Papa, mashini haina kinywa ya kudanganya." Mimi namjibu kwa maandishi. Mchana nabeba magunia, nagombana na watoza ushuru, nabishana na Pasikali. Kama presha ilitaka kupanda, ingepanda wakati huo. Mkono uliofungwa mashine usiku ule ulilala fofofo kuanzia saa tatu mpaka adhana ya alfajiri, na shahidi ninaye.

4. Nyumba yangu imeingia majonzi. Mke wangu Mwanaheri anaamka kila asubuhi kisogo kinamgonga, na sababu ni fedheha hii. Jana alimwaga uji akipapasa kikombe kilichokuwa mbele ya macho yake.

Kwa hiyo naomba mashine hiyo afungwe Pasikali, tuone kama naye itamsema. Wewe mwenyewe uivae usiku saba, majibu yabandikwe kwenye ubao wa matangazo. Halafu uniandikie cheti chenye mhuri, nikitundike juu ya gunia, kwamba Hilali ni mzima saa zote na anaruhusiwa kulamba. Mwisho, mashine iondolewe Kasulu, na hata Kibondo isipelekwe, kwa kuwa nina wateja huko, Busunzu. Mpaka hayo yatimizwe, vidonge vyako viko rafuni, havijafunguliwa.

Nisalimie Immaculée, wauguzi wote, mlinzi wa getini, na wagonjwa waliolazwa ambao mashine haijawafikia.

Wako mwenye afya njema kabisa,
Hilali Abdalah

Tanbihi: Nikiwa nafunga bahasha, nimeona si vizuri kukuficha. Usiku ule mashine ilikuwa inanibana kila nikisinzia, nikaogopa itaandika hasira zangu. Saa tatu niliivua, nikamfunga Mwanaheri. Yeye ndiye mwenye usingizi mzuri nyumbani, na chungu chetu ni kimoja, nikadhani haitajua tofauti. Alfajiri nikaivaa tena. Shahidi niliyemtaja ni mimi mwenyewe, nilimwangalia akilala.

Sasa nimeisoma upya namba tatu, kisha namba nne. Kile kisogo kilianza kumgonga kabla ya Ramadhani, mashine hata sijaijua. Daktari, naogopa. Nimejaza karatasi nzima kukuthibitishia kwamba mashine inasema uongo, na sasa nakuomba wewe ndiye unithibitishie.

Barua hii sikuituma kwa mtu. Nimeileta mwenyewe kwa bodaboda, vidonge viko mfukoni, na Mwanaheri nimekuja naye. Tuko kwenye benchi nje ya mlango wako. Yeye anajua amenisindikiza mimi.