Mashine ya Kupima Ladha

Zeddy alimsikia Jeruto sokoni Subukia akilalamika kwamba wateja wa Nakuru wanasema mursik yake, maziwa ya kugandisha kwenye kibuyu kilichopakwa masizi ya mkaa, imepoteza ukali, na papo hapo akaona riziki. Jeruto alikuwa na mtamba mnono. Zeddy, fundi wa redio kutoka mtaa wa Rhonda ambaye hakuna redio aliyoitengeneza ikalia, alikuwa na mita ya umeme yenye mshale na waya.

"Mathe, maziwa yako hayana shida," akamwambia. "Shida ni ulimi wa mtu wa tao, hao wa Nakuru. Ladha ikiwa kali, neva za ulimi zinapelekea ubongo ujumbe mwingi, chapchap. Ikiwa hafifu, ujumbe ni kidogo. Hii mashine inahesabu. Mteja akibisha, muonyeshe mshale."

Habari ya neva ilikuwa kweli, aliisoma kwenye simu. Uongo ulikuwa kwenye kidole gumba, kilichobonyeza kitufe chini ya mita.

"Unataka nini?" Jeruto akauliza.

"Ule mtamba tu."

"Kuja Jumamosi, upime mbele ya chama chetu cha akina mama."

Akaja na koti la kuazima na kamba ya kumfungia mtamba, mjinga yule. Akina mama kumi na wawili walimtazama. Jeruto akatikisa kibuyu, akammiminia kitu cha kijivu. Zeddy, mtoto wa chai na mandazi, hakuwahi kuonja mursik maishani. Akaweka waya ulimini, akanywa, kidole kikafanya kazi yake. Mshale ukaruka hadi mwisho.

"Mia! Neva zinapiga nduru! Mursik kali kama hii sijawahi kunywa!"

Akina mama wakacheka hadi wakashikana mabega.

"Hayo ni maji nimesuuzia kibuyu," Jeruto akasema. "Maji ya tangi na masizi ya mkaa. Sasa chagua, kijana. Kama mashine yako ni ya ukweli, hii boma haina kitu kinashinda hayo maji, kwa hivyo nakulipa nayo. Kama ni ya uongo, hunidai kitu."

Zeddy akawatazama wale kumi na wawili. Alikuwa amepanga kumuuzia kila mmoja wao mita. Tamaa ikamjibia.

"Ni ya ukweli, mathe."

Jeruto akaichukua mashine, sasa ni yake, akamtwika mtungi wa lita ishirini za maji yale. Zeddy akateremka kilima, masizi yakimchuruzika kwenye koti la watu, huku akina mama wakimpigia kelele kutoka langoni asimwage hata tone, ni mali.